Wakili wa Uraia na Kishoka wa Kibanda cha Chai



Wenye desturi ya kusoma gazeti mpaka matangazo madogo wamekwisha kuona lile la mtu anayeujulisha umma kwamba ameomba uraia wa Tanzania kwa tajnisi, na kwamba anayejua sababu ya yeye kunyimwa aiandikie Idara ya Uhamiaji. Wengi wetu hulipita tukiwahi kurasa za kandanda. Nami nililipita miaka mingi, mpaka ilipofika zamu ya jirani yangu.

Jirani huyo ni fundi redio, mzaliwa wa Malawi, aliyeishi Magomeni miaka mingi kuliko aliyoishi kwao. Jioni moja alikuja kwangu na bahasha.

"Mwanangu, nimepata wakili," akasema. "Ana mtu wake ndani. Miezi mitatu tu, nitakuwa Mtanzania."

Walikutana kwenye kibanda cha chai. Bwana yule alitoa muhuri mfukoni, akataka laki nane, nusu ya fedha ikatoka palepale.

"Mzee, ofisi yake iko wapi?"

"Ofisi yake ni simu."

Huyo ndiye watu wa mjini wanamwita kishoka. Wakili wa kweli jina lake limo katika daftari la mawakili la Mahakama Kuu, na leseni yake huihuisha kila mwaka. Siku hizi Mahakama ina mfumo wa e-Wakili kwenye mtandao, na kijana yeyote mwenye simu anaweza kukutafutia. Tulitafuta. Jina halikuwamo.

Na hata lingekuwamo, ile ahadi peke yake ilitosha kututia shaka. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa Waziri uamuzi wa tajnisi. Hatakiwi kueleza sababu ya kukataa, wala uamuzi wake haukatiwi rufaa mahakamani. Wakili gani basi atakuuzia saini ya Waziri juu ya kikombe cha chai?

Sheria haimlazimishi mwombaji kuwa na wakili. Mzee alimhitaji kwa sababu nyingine. Mwombaji awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo, jumla ya miaka isiyopungua 7. Vibali vya Mzee vilikuwa na pengo, na jina la babu lililo kwenye pasipoti halimo katika cheti cha kuzaliwa. Kazi ya wakili ni hiyo: kuhesabu miaka, kuandaa kiapo, na kukwambia mapema kwamba bado. Tena akukumbushe kwamba ukikubaliwa utaukana uraia wa kwenu. Kishoka hilo hakuligusa, na Mzee ana shamba la urithi huko.

Wakili tuliyempata, mama mmoja mwenye chumba kimoja ghorofani, alimsikiliza saa nzima, akamwambia asubiri mwaka na nusu miaka itimie. Akamwandikia risiti. Mzee alinuna ndani ya daladala mpaka Magomeni. Zile laki nne hazijarudi hadi leo.

Mwezi uliopita tangazo lake lilitoka. Alinunua nakala nne, moja akaniletea.

"Nawe, mwanangu, unayo sababu ya mimi kunyimwa?"

Nikamwambia ninayo: redio yangu iko kwake tangu Ramadhani.

Kwaherini, hadi juma lijalo.