Popo wana nyumba, mama hana



Juma lililopita nilipanda daladala kutoka Mzinga kwenda mjini Morogoro. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, barabara imejaa tope, na milima ya Uluguru haikuonekana kwa ukungu. Njiani tukapita jengo moja refu la zamani, limefungwa kufuli miaka mingi, madirisha yamezibwa kwa mabati. Sitalitaja ni la nani, maana sikwenda kumwuliza mwenyewe. Mama mmoja aliyekaa dirishani, kapu la mboga miguuni, akalitazama akasema kwa sauti ya kusikika gari zima: "Jengo lote lile wanalala popo. Na mimi baba mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo."

Basi, gari likapata mada. Konda akasema lau angekuwa yeye mkuu wa wilaya angegawa funguo siku hiyo hiyo, kila familia chumba. Mzee mmoja akapinga, akasema baada ya mwezi mmoja pangekuwa danguro. Kijana mwenye madaftari akataka wapewe wanafunzi. Mimi nilikaa kimya. Lakini nilipomwambia konda anishushe, yule mama akageuka: "Sauti hii! Wewe si ndiye yule wa redioni? Basi tusemee."

Leo namsemea, ingawa huenda asipende kila neno nitakalosema.

Kwanza, mama ana haki ya kuuliza. Mji wetu umejaa majengo ya mkonge, ya reli, ya Wajerumani, ya Waingereza na ya viwanda vilivyokufa. Kujenga nyumba moja mpya kunamaliza nguvu ya mtu miaka kumi. Sasa kuta zimesimama, paa lipo, kiwanja kipo, na ndani hamna mtu. Asiyeshangaa ni yule tu asiyelipa kodi ya pango.

Wala si kweli kwamba jambo hili haliwezekani. Liliwezekana hapa hapa Morogoro. Mwaka 1976 vijana wa Soweto waliandamana, wakapigwa risasi, na wengi waliosalimika wakakimbia nchi yao. Mwaka 1977 Tanzania ikakipatia chama cha ANC shamba la mkonge la Mazimbu lililokuwa limeachwa. Palikuwa na nini pale? Pori, na nyumba chache za shamba zilizochakaa. Waliotangulia hawakusubiri majengo mapya. Walifyeka, wakaziba paa, wakakarabati kuta, wakalala humo na kusomea humo. Baadaye ndipo ikajengwa shule yenyewe, iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Ikaja hospitali, kituo cha watoto wadogo, karakana za samani, mashamba na mifugo. Likawa shamba la mkonge lililogeuka kuwa mji.

Hadithi haikuishia hapo. Mwezi Julai 1992, wenyewe walipoanza kurejea kwao, Mazimbu ilikabidhiwa kwa serikali yetu, ikaenda kwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Nendeni leo mkaone. Wanafunzi wa Kitanzania wanasoma na kulala katika majengo yaliyojengwa kwa ajili ya wakimbizi, juu ya ardhi iliyofyekwa kwa ajili ya katani. Wako pia waliobaki pale moja kwa moja, katika makaburi ya wale ambao hawakuiona tena nchi yao.

Kwa hiyo konda angesema: ushahidi huo, gawa funguo! Hapo ndipo mimi na konda tunapoachana.

Pale Mazimbu kazi ilitangulia wingi wa watu. Kulikuwa na mwenye mamlaka anayejulikana, palikuwa na mafundi, maji yalitafutwa, mitaro ikachimbwa, na mtu alipoona paa linavuja alijua amwambie nani. Sasa hebu tuvuke bahari twende Unguja, Mji Mkongwe. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, nyumba nyingi za watu walioondoka zilitwaliwa na serikali zikagawiwa familia. Nia ilikuwa njema kabisa. Aliyekuwa akilala katika banda akapata nyumba ya ghorofa. Lakini nyumba iliyojengwa kwa ukoo mmoja ikaingiza familia nyingi, kila moja na jiko lake na maji yake, huku kodi ikiwa ndogo kiasi cha kutotosha hata kununua chokaa.

Nyumba zile, ndugu wasikilizaji, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za juu zinabebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna ile lazima upumue. Ukiweka bafu orofa ya pili, maji yakawa yanachuruzika ndani ya ukuta mwaka hadi mwaka, boriti inaoza mahali ambapo huioni. Ukiona ufa ukaupiga plasta ya saruji, umeufungia unyevu ndani. Fundi wa zamani alilijua hilo bila kwenda chuo. Nyumba kadhaa zimeanguka, nyingine na watu ndani. Hata Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua wafanyakazi wawili waliokuwamo katika ukarabati. Ikiwa jumba la sultani linaanguka, na mafundi wamo ndani, chumba cha uani kina usalama gani?

Lakini lililonikosesha usingizi ni la Johannesburg. Mtaa wa Albert, katikati ya jiji lile, lilikuwapo jengo la ghorofa tano. Enzi ya ubaguzi ilikuwa ofisi ya kudhibiti vipande. Hapo Mwafrika alipanga foleni aandikiwe ruhusa ya kuwapo katika mji wa nchi yake mwenyewe. Ndio utawala ule ule uliowakimbiza watu wakaja kufyeka pori la Mazimbu. Ubaguzi ulipokwisha, jengo likageuzwa makao ya kina mama na watoto waliokosa pa kukaa. Tuseme kweli, ni mgeuzo gani mzuri kuliko huo? Kisha likatelekezwa. Jiji, ambalo ndilo mwenye mali, likaacha kuliangalia. Watu wasio na pa kulala wakaingia, wakagawa kumbi kwa mbao na mapazia, wakapikia humo humo. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 2023 moto ukawaka. Wengine walikuta milango ya kutokea imefungwa. Watu zaidi ya sabini walikufa, wakiwamo Wamalawi na Watanzania. Tume ya Jaji mstaafu Sisi Khampepe ilipotoa taarifa mwaka 2024, ilisema jiji haliwezi kukwepa lawama.

Tazameni sasa. Jengo la dhalimu liligeuzwa kuwa kimbilio, kisha likawa kaburi, na kuta zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni mtu wa kuulizwa.

Ndiyo maana namwambia mama wa Mzinga: usiombe ufunguo tu. Ofisi watu huingia asubuhi na kutoka jioni, kwa hiyo choo kimoja mwisho wa varanda kilitosha. Ukiweka familia ishirini, hakitoshi hata kwa siku moja. Ghala la katani halina madirisha, kwa kuwa marobota hayahitaji hewa, mtoto anahitaji. Nyaya zilizowekwa kwa taa nne haziwezi kubeba majiko, pasi na friji za nyumba kumi. Paa likiwa la asbesto, ambalo liko kwenye majengo mengi ya umma ya zamani, kulikata au kulitoboa bila kinga ni kuvuta vumbi la saratani. Na watu watakaopika kwa mkaa ndani lazima wawe na njia mbili za kutokea, si moja.

Kuna na hili la historia, nalo watu wa Morogoro tunalisahau. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda yenyewe majengo ya kabla ya mwaka 1863. Reli ilifika hapa mwaka 1907. Hesabu ni rahisi: majengo ya Kijerumani ya mji huu hayana kinga mpaka yatangazwe rasmi, moja baada ya jingine. Kwa hiyo anayetaka kuyabomoa apate kiwanja, na anayetaka kuyahifadhi yabaki matupu, wote wanasubiri jengo lichoke lenyewe. Mimi si mshabiki wa jengo la kutazamwa tu. Jengo lenye watu wanaolipa kodi ya kutosha, na mwenye nyumba anayeitumia kodi hiyo kununulia bati na chokaa, ndilo linalodumu.

Wenzetu Wajerumani, majeshi ya Ufaransa yalipoondoka katika mji wa Tübingen mwaka 1991, walizigeuza kambi zile kuwa mtaa wa makazi. Huko ni tajiri, mtasema. Sawa. Lakini kwanza walipima, wakachora, wakaamua nani atawajibika, na kazi ya kupima na kuamua haihitaji mkopo wa nje.

Ombi langu kwa madiwani wetu ni dogo. Kila halmashauri iandike orodha ya majengo yake yaliyofungwa: liko wapi, lina ukubwa gani, mhandisi aliliona mara ya mwisho lini, na hati yake iko ofisi gani. Orodha hiyo ibandikwe kwenye ofisi ya kata, penye tangazo la chanjo, ili mama mwenye kapu aisome kabla ya kupanda gari. Likibainika linafaa, litengewe fedha za maji, vyoo na nyaya kabla mtu hajaingiza kitanda. Likibainika halifai, isemwe hivyo kwa maandishi, watu wajue.

Mama, nilishuka kabla sijakujibu. Nipo kwenye gari la saa moja asubuhi, siku nyingi.

Nawatakia juma jema.