Siku Tovuti ya Kamari Inapofungwa

Hatukuja kuwahubiria. Kanisani na msikitini mmekwisha kuambiwa ubaya wa kamari, na waliolipokea neno hilo wamelipokea. Kazi yetu sisi ni kumlinda mtu anayetoa pesa zake ili apate huduma, na mcheza kamari, tupende tusipende, ni mmoja wao. Tunataka kuzungumza juu ya siku moja tu katika maisha yake: siku anapoishika simu na kukuta tovuti aliyoizoea imefungwa kwa amri ya serikali.

Siku hiyo imewahi kuwafika Wakenya wengi kwa pamoja. Mnamo Julai 2019, bodi iliyosimamia leseni za kamari ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27, na nambari za paybill ambazo wachezaji walizitumia kuweka na kupokea pesa zikaagizwa zifungwe. Kesi zikaenda mahakamani. Kufikia mwisho wa Septemba, SportPesa ilikuwa imetangaza kusimamisha shughuli zake nchini. Novemba ukaja ushuru wa asilimia 20 juu ya kila dau: mtu akiweka shilingi 100, shilingi 20 zilikuwa za serikali kabla mpira haujapigwa. Ushuru huo uliondolewa katikati ya 2020, ukarudi 2021 kwa asilimia 7.5, ukapanda hadi 12.5 mwaka 2023, kisha 15 mwishoni mwa 2024. Mwaka 2025 ulihamishwa kutoka kwenye dau ukawekwa juu ya pesa zinazoingia katika akaunti ya mchezaji, kwa asilimia 5. Mwaka huohuo matangazo ya kamari yalisimamishwa kwa siku 30 kuanzia mwisho wa Aprili, na mwezi Agosti sheria mpya ikatiwa saini kuchukua nafasi ya ile ya 1966.

Anayezihesabu hatua hizi anaweza kuona nchi ambayo haijaamua kama inataka kuifunga kamari au kuitoza. Tunalisema hilo ingawa sisi wenyewe ni ofisi ya umma. Tena amri inayotoka jioni na kuanza kazi asubuhi humwumiza mchezaji mdogo kabla haijamgusa mwenye kampuni, kwa kuwa mwenye kampuni ana wakili, na mchezaji ana salio tu.

Basi wachezaji hufanya nini? Wako wanaoacha, na hao hatuwasikii kwa sababu mtu aliyeacha hana la kulalamikia. Wako wanaobaki na kampuni zenye leseni, wakinung'unika juu ya makato. Wanaotutia wasiwasi ni kundi la tatu: wanaohama. Huyu hujiunga na kundi la Telegram ambamo viungo vipya hutumwa kila siku. Yule huweka katika simu programu ya kuficha mahali alipo, ile vijana waiitayo VPN, ili afikie tovuti ya ng'ambo isiyomjua wala kumjali. Wote wawili hujiona wameishinda serikali. Kilichotokea ni kwamba wametoka mahali palipo na mlango wa malalamiko, wakaingia mahali pasipo na mlango wowote.

Tuchukue mfano. Kijana wa bodaboda ana shilingi 3,000 katika akaunti yake ya kamari, na kodi ya nyumba inadaiwa Jumamosi. Jumatano tovuti inafungwa. Jioni hiyo anapata ujumbe: tumehamia hapa, salio lako lipo, bonyeza. Anabonyeza. Anaombwa apige picha kitambulisho chake, mbele na nyuma, naye anapiga. Anaambiwa atume shilingi 500 ili akaunti ifunguliwe. Kabla hajathibitisha, simu inamwonyesha jina la mpokeaji, nalo ni la mtu binafsi, si la kampuni. Hapo angesimama, lakini akili yake iko kwenye zile 3,000. Anatuma. Anacheza, na skrini inamwonyesha ameshinda 18,000. Akitaka kuzitoa, anajibiwa kwamba lazima kwanza alipe ushuru wa 1,800.

Hapa tunaomba mtusikie vizuri. Katika kamari halali, kodi hukatwa na kampuni yenyewe kutoka katika pesa zinazopita mikononi mwake. Hakuna mshindi anayeambiwa atume ushuru kwanza ndipo apewe ushindi wake. Anayekuambia hivyo hana pesa zako, na zile 18,000 ni tarakimu tu zilizoandikwa kwenye skrini.

Kijana huyo sasa amepoteza zaidi ya alichofuata, na picha ya kitambulisho chake iko kwa watu asiowajua, wanaoweza kujaribu kuitumia kuomba mkopo kwa jina lake. Ubaya ni kwamba haji kwetu. Anaona haya, au anaogopa kuulizwa alitafuta nini kwenye tovuti isiyo na leseni. Tunawaomba mje hata hivyo, na mapema. Aliyetapeliwa ni mlalamishi.

Zile 3,000 za mwanzo zilikuwaje? Ziko kwa kampuni ya zamani, na kufungwa kwa tovuti hakufuti deni. Siku hiyo ya Jumatano alitakiwa kupiga picha ya skrini inayoonyesha salio, ikiwa bado inafunguka. Kutunza jumbe zote za M-Pesa za kuweka na kutoa. Kuiandikia kampuni na kudai pesa zake kwa maneno mafupi yenye tarehe. Kisha kuipelekea mamlaka ya kamari nakala ya barua hiyo. Huenda akangoja sana. Lakini anamngoja mdaiwa anayejulikana jina na ofisi.

Jambo jingine huja na tovuti za vichochoroni, nalo ni wauzaji wa utabiri. Mnaujua mchezo wa Aviator, ule mnaouita kandege. Kuna wanaouza programu wakidai itakuonyesha ndege itaruka wakati gani. Kama mtu angelijua hilo, angekaa kimya acheze mwenyewe. Asingekuuzia siri hiyo kwa shilingi 300. Na hata mchezo ukiwa halali, tufanye hesabu. Watengenezaji wake wanasema hurudisha asilimia 97 ya madau. Asilimia 3 inayobaki huonekana ndogo, lakini kila raundi ni sekunde chache. Mtu mwenye shilingi 500, akizungusha dau la 50 mara 300, amecheza madau ya shilingi 15,000 kwa jumla. Asilimia 3 yake ni shilingi 450. Usiku mmoja watosha, na hakuna aliyemwibia. Mwingine atatoka na faida usiku huo. Ndiye mtakayesimuliwa habari zake kwenye steji kesho yake.

Neno moja kwa wazazi na wake wa wachezaji. Tovuti inapofungwa, msifurahi haraka mkadhani yamekwisha. Wiki hiyo ndiyo ya kuangalia kama mikopo ya simu imeanza kukopwa, kama vitu vya nyumbani vinapungua, kama mtu anaondoka kwenda nje kila anapopokea ujumbe. Mzungumzieni pesa kabla ya kumzungumzia tabia. Pesa zina tarakimu, na tarakimu hazimtukani mtu.

Tukitoka hapa, maafisa wetu wawili watakaa kwenye meza ile iliyo karibu na mlango hadi saa kumi. Piga *334# uombe taarifa yako ya M-Pesa ya miezi sita, uje nayo. Tutajumlisha pamoja pesa zilizokwenda kwenye kamari, kisha zilizorudi. Karatasi itabaki mkononi mwako. Sisi hatutaandika jina lako popote ila ukitaka kuleta malalamiko.