Kidonge cha kolesteroli si badala ya pampu ya pumu

Mada ya leo ni pumu, na swali lenyewe ni hili: je, mgonjwa wa pumu akiongeza vidonge vya kupunguza kolesteroli juu ya dawa yake ya kuvuta, atapata nafuu zaidi?

Swali hili lina uzito. Nyumba moja huweza kuwa na nyanya anayemeza vidonge vya kolesteroli na mjukuu mwenye pumu. Ikisikika fununu kwamba kidonge hicho kinatibu magonjwa yote mawili, ni rahisi mjukuu kukijaribu na kuiweka pampu kando. Hapo ndipo penye hatari.

Pumu ni uvimbe wa muda mrefu ndani ya mirija ya hewa. Mirija hubana, makohozi huongezeka, na pumzi hupita kwa taabu. Pampu ya buluu, yaani salbutamol, hufungua mirija kwa saa chache tu. Haiondoi uvimbe. Kazi hiyo ni ya pampu ya kukinga, yenye steroidi kama beclometasone au budesonide, ambayo hutumiwa jinsi daktari alivyoagiza, hata siku mgonjwa anapojisikia mzima. Tangu mwaka wa 2019, mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, hauruhusu watu wazima na vijana kutibiwa kwa pampu ya buluu peke yake.

Vidonge vya kolesteroli vinavyozungumziwa huitwa statini. Mifano ni atorvastatin na simvastatin. Kazi yake ni kupunguza kolesteroli inayotengenezwa na ini, ili kukinga moyo na ubongo. Watafiti waligundua kwamba statini huweza pia kutuliza uvimbe, ndipo wakaanza kuzijaribu kwa wagonjwa wa pumu.

Majibu hayakulingana. Mwaka wa 2010, watafiti wa Thailand waliunganisha simvastatin na budesonide ya kuvuta, wakaona chembe za uvimbe kwenye makohozi zikipungua zaidi. Lakini miaka miwili kabla, watafiti wa Glasgow, Uskoti, walikuwa wamewapa watu 54 atorvastatin kwa wiki nane pamoja na pampu zao za steroidi. Nguvu ya pumzi yao haikuongezeka. Mwaka wa 2020, wachambuzi wa Cochrane walipopitia tafiti zilizopo, walipata moja tu iliyotimiza vigezo vyao, yenye watu 60. Hiyo haikutosha kuthibitisha kwamba statini zinasaidia pumu.

Kwa hivyo jibu ni kwamba statini bado si dawa ya pumu. Kila mkazi azingatie haya:

Mwenye pumu asiache pampu ya kukinga, wala asinunue au kuazima statini ili kutibu kifua.

Mwenye pumu na kolesteroli pia aendelee na dawa zote mbili alizoandikiwa. Kila moja ina kazi yake.

Anayetumia simvastatin na akapata maambukizi ya kifua amwambie daktari au mfamasia kabla ya kupewa erythromycin au clarithromycin. Dawa hizo zikichanganywa na simvastatin zinaweza kudhuru misuli. Maumivu ya misuli yasiyoeleweka, au mkojo wa rangi ya chai ya rangi, ni sababu ya kufika hospitalini upesi.

Mama mjamzito, au anayepanga kupata mimba, aliye na statini azungumze na daktari mapema. Pampu ya pumu asiiache, kwa maana pumu isiyodhibitiwa humdhuru yeye na mtoto.

Baada ya kuvuta steroidi, mgonjwa asukutue mdomo kwa maji na kuyatema, ili asipate utando mweupe mdomoni.

Anayeshindwa kuvuta pampu vizuri aombe kuonyeshwa kituoni. Hata chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa chini ili pampu iingie sawasawa, husaidia dawa kufika mapafuni.

Na mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikibadilika rangi, akimbizwe hospitalini huku akivuta pampu ya buluu njiani. Wakati huo hakuna kidonge cha kolesteroli kitakachomwokoa.