Kisha kazi, pori: wazee wetu, mbwa na kamera

(Maneno tuliyosema mbele ya mkutano mkuu wa chama, hapa Yangambi. Tumeyapunguza kidogo ili yaingie mu gazeti hili.)



Komite ilituomba tuseme juu ya ulizo moja ambalo linarudi kila mkutano. Wale wazee wanaoingia mu pori na mbwa na telefone ya kupiga picha, chama kiwasaidie ao hapana? Wengine wanasema ni mchezo wa watu wasiokuwa na kazi. Wengine wanasema ni uwindaji uliofichwa. Na wengine wanasema, kwa sauti ndogo, kwamba wazee hao wanapelekea watu wa Rezeve habari za mashamba yetu. Tutajibu mambo hayo matatu, moja kisha ingine, bila kuzunguka.

Mfadhili mmoja alituandikia kwamba kwao, mtu akimaliza kazi, anachukua mbwa wake na kamera, anaenda kutembea mu jangwa. Akauliza kama na huku wazee wanaweza kufanya vile. Tulimjibu kwamba jangwa hatuna. Jangwa ni pahali pa mvua chini ya milimeta 250 kwa mwaka, na Yangambi inapata karibu 1,800. Lakini mzee ni mzee, mbwa ni mbwa, na hamu ya kutazama ni ileile.

Ni mchezo?

Tuanze na historia ya hapa kwetu. Tangu 1933, wakati INEAC ilianzishwa, Yangambi ilikuwa mji wa watu wanaotazama mimea. Njo hapa, mu 1941, Beirnaert na Vanderweyen walieleza kwa nini ngazi zingine ziko na koko nene, zingine nyembamba, na zingine hazina koko. Kutokea hapo, dunia nzima ilijua namna ya kupata mbegu ya tenera, ile inayotoa mafuta mengi. Erbariamu yetu iko na karibu vipande 150,000 vya mimea iliyokaushwa. Na kati ya 1937 na 1958, kila juma, watumishi walipita mu vijia wakitazama miti ileile: huu umetoa maua, huu umezaa, huu umeangusha majani. Waliandika kwa kalamu mu makartasi. Leo watu wa sayansi wanasoma makartasi hayo ili wajue kama majira yanabadilika.

Ni nani alikuwa anatembea mu vijia vile? Si wazungu peke yao. Ni ba koko na ba baba zenu. Wamoja kati yenu mulifundishwa kazi hiyo na wazazi wenu, mukaifanya mpaka vita ikawatoa. Mulikimbilia Kisangani, na kule vita ya siku sita, tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, ikawakuta tena. Mulirudi na nywele nyeupe. Nyumba imeanguka, shamba limekuwa pori, watoto wamebaki mjini, na pensheni, munajua wenyewe, wastaafu wengi wa nchi yetu wanaingoja mpaka macho inachoka.

Sasa mzee kama huyo akiamka asubuhi, akaenda kupiga picha ya mti mmoja, pahali pamoja, tarehe moja ya kila mwezi, hiyo si mchezo. Ni kazi ileile ya baba yake, kalamu tu njo imebadilika. Kuko mnara wa CongoFlux, metre 55, unaopima hewa ya kaboni inayoingia na kutoka mu pori letu. Mnara unajua hewa. Haujui kwamba mwaka huu viwavi vya lifaki vimechelewa. Mzee anajua, na akiwa na picha yenye tarehe, anaweza kuonyesha.

Na kuko faida ingine ambayo sisi watu wa shirika tunaiona kila tukitembelea manyumba. Mzee anayetembea analala usingizi. Anasimulia. Wajukuu wanamufuata ili washike telefone, na wakishika telefone wanajifunza majina ya miti. Dawa hiyo haiuzwe mu farmasi.

Ni uwindaji?

Hapa tuseme ukweli juu ya mbwa. Mbwa wetu wa asili, mwenye masikio ya kusimama na mkia wa kujiviringisha, hana kelele. Habweki sawa mbwa wa wazungu. Njo maana wawindaji wanamufunga kengele ya mti: wasikie pahali anapita, na nyama aogope akimbilie mu wavu. Wazungu walimupenda sana, wakamuita basenji. Mu 1895 walipeleka wawili kuwaonyesha London, na wote wawili wakakufa kwa ugonjwa upesi. Kwa hiyo, mtu akisema «mbwa na kengele mu pori, huo ni uwindaji», hatuwezi kumucheka. Iko na sababu.

Lakini mzee wa miaka makumi saba hawezi kutembea peke yake. Mbwa anasikia nyoka mbele yake. Anajua njia ya kurudi wakati mvua imefuta alama. Na mzee akianguka, kengele inaita watu. Kwa hiyo hatusemi mbwa aachwe. Tunasema mbwa afungwe kamba, mkono wa mzee ukiwa ku upande wa pili wa kamba. Mbwa aliye ku kamba hawezi kufukuza mboloko. Mbwa aliyeachiliwa, hata akiwa wa mtu mzuri namna gani, ataifukuza, na hapo sheria ya 1982 ya uwindaji na ile ya 2014 ya kulinda viumbe haitauliza kama mwenye mbwa ni mstaafu.

Rezeve ya Yangambi iko mu orodha ya UNESCO tangu 1976. Rezeve za namna hiyo ziko na sehemu tatu: kiini, ukingo, na pahali watu wanaishi na kulima. Mbwa asiingie mu kiini hata kidogo. Anaweza kupelekea nyama za pori magonjwa, nao wanaweza kumupa yake. Na hata nje ya kiini: mbwa bila sindano ya kichaa asitoke pa lupango. Kichaa kikianza kuonekana kwa mtu, hakuna tena dawa. Mbwa akimuuma mtu, osheni kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha mbio ku hospitali siku ileile. Na nyama aliyekutwa amekufa mu pori apigwe picha kwa mbali. Asiguswe, asiletwe pa jiko. Mpox tunaijua, iko mu jimbo letu.

Ni upelelezi?

Hili njo ulizo zito, na tunajua linatoka wapi. Wengi kati yenu mulikuta mashamba ya wazazi yamekuwa miti mikubwa, na watu wanawaambia: hapa ni Rezeve, tokeni. Halafu mukaona mzee wa kwenu anapiga picha palepale. Nani hataogopa?

Lakini tazameni vile mzee anasoma pori. Akiona kombokombo nyingi za urefu mmoja, anasema: hapa palilimwa si zamani sana, kwa maana kombokombo inakua mbio na haiishi maisha marefu. Akikuta ngazi zimesimama kati ya miti mikubwa, anasema: hapa palikuwa watu, kwa sababu ngazi haipende kivuli kizito. Akikuta mti wa matunda ambao haujioteshi wenyewe mu pori, anasema: hapa palikuwa lupango. Picha za alama hizo, zenye tarehe, na jina la kijiji cha zamani likiandikwa pembeni, ni maneno ambayo familia inaweza kuleta ku meza wakati wa mazungumzo na shefu na wasimamizi wa Rezeve. Bila hizo, familia inaleta machozi tu.

Hatutaki kuwadanganya. Picha si karatasi ya shamba. Kufuatana na sheria ya 1973, udongo ni wa Serikali. Picha hazimurudishii mtu shamba peke yake. Zinafungua mazungumzo, basi. Na zinaweza pia kuonyesha kwamba familia ilivuka mpaka. Mzee mwenye kupiga picha atakubali kuonyesha zote mbili, ile inayomusaidia na ile isiyomusaidia. Kama hatakubali, afadhali aache.

Kuko hatari ingine. Mu 2018 kamera zilizofichwa mu pori la Yangambi zilipiga picha za sokomutu. Watu wengi walifurahi. Lakini mwenye bunduki anasikia habari hiyo sawa vile mwenye furaha anaisikia. Ni hivyo kwa kasuku, ambaye biashara yake kati ya nchi na nchi imekatazwa tangu 2017, na kwa mti wa afrormosia, ambao kila mkata-mbao anautafuta. Picha ya sokomutu, ya kasuku ku kiota, ao ya afrormosia nene isitumwe mu telefone za watu ikiwa na jina la pahali. Ionyeshwe komite, na iishie pale.

Tunaomba nini

Kwa wanachama tunaomba mambo matatu. Kwanza, mkutano ukubali kwamba matembezi hayo ni kazi ya chama, ili mzee akiugua mu njia asaidiwe na kese sawa vile tunasaidia mwenye kuanguka shambani. Pili, kabla ya kupiga picha pa shamba la mtu, mzee aombe ruhusa kwa mwenye shamba, na picha zikae pamoja kwa sekretere, mwanachama yeyote aje azitazame. Vitu vinavyoonekana na wote haviitwe upelelezi. Tatu, mzee asitoke bila kuacha jina la njia yake pa nyumba.

Kwa wafadhili, hatuombe kamera za bei kali. Unyevu wa huku utaziua mbele ya mwaka kuisha. Tunaomba sindano za mbwa, sahani ya jua ya kutia telefone moto, na buti za mvua. Mwenye uwezo aongeze daftari na kalamu, kwa sababu telefone inaibiwa, inaanguka mu maji, na makartasi ya 1937 yangali yanasomwa.

Likelemba ya ba mama imeishakubali kutoa kitu kidogo kwa sindano. Komite itauliza wanachama wainue mikono ku mkutano unaokuja. Mwenye maneno ya kupinga ayalete pale, mbele ya wazee wenyewe, na wazee wajibu.