Siku Nne za Kwanza za Mimba ya Ng'ombe

Ndugu mfugaji wa Ruaha Mbuyuni, wewe unalijua jua la Oktoba. Ukipanda Mlima Kitonga kwenda Iringa hewa hubadilika. Hapa chini bondeni ni moto. Basi ng'ombe wako wa maziwa amepandishwa kwa mrija, na siku ya 21 amerudi kwenye joto. Lawama zote anabebeshwa mhimilishaji. Kweli, mbegu huharibika kama nitrojeni imekwisha mtungini. Lakini huenda mimba ilishika, ikafa kabla ya siku ya tano, wala hukuona dalili yoyote.

Mbegu ya dume ikikutana na yai, hupatikana seli moja. Ndani yake mna chembe za urithi, yaani jeni, nusu za baba na nusu za mama. Humo ndimo yalimo maagizo ya kumuumba ndama, pembe zake hadi kiwele chake. Utadhani zinaanza kazi saa ile ile. La hasha! Karibu zote ziko kimya. Seli inagawanyika ikawa 2, zikawa 4, zikawa 8, na kazi yote hiyo inaendeshwa na akiba aliyoiweka mama ndani ya yai. Ni kama punje ya hindi: kabla haijatoa majani, hula chakula kilichomo ndani yake yenyewe.

Zinapofika seli 8 hadi 16, kama siku ya tatu au ya nne, akiba ya mama inaondolewa, na jeni za ndama mwenyewe zinafunguliwa na kuanza kusomwa. Kwa panya hutokea mapema, kwenye seli 2. Kwa binadamu ni seli 4 hadi 8. Kiinitete kisichovuka hapo hufa.

Kabla ya kuvuka, kinga yake dhidi ya joto ni ndogo mno. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, walieleza kuwa ng'ombe waliopata joto kali siku ya kwanza baada ya kupandishwa waliharibikiwa na viinitete vingi. Joto la siku ya tatu na kuendelea halikuwa na madhara hayo. Kumbuka pia kwamba yai lenyewe huumia likipikwa na jua kabla ya kupandisha.

Kwa hiyo ukimwona ng'ombe anapandwa na wenzake asubuhi akatulia, apandishwe jioni; ukimwona jioni, apandishwe kesho yake asubuhi. Tangu hapo, kwa siku nne, asipelekwe mtoni saa sita mchana. Mletee maji, mlishe alfajiri na jioni. Banda la nyasi ni bora kuliko la bati tupu. Na usimfunge chini ya mbuyu! Kijiji kimechukua jina lake, sawa, lakini wakati wa kiangazi mbuyu hauna majani, na kivuli chake ni cha shina tu. Tafuta mkwaju.

Halafu andika katika daftari tarehe, saa aliyopandishwa, na jinsi jua lilivyokuwa siku hizo nne. Akirudi tena siku ya 21, mfungulie mhimilishaji daftari hilo kabla hamjaanza kugombana.