Jeshi au Chuo? Maneno kwa Vijana wa Kidato cha Sita

Ndugu Mwalimu Mkuu, ndugu walimu, wahitimu wenzangu, nanyi wanafunzi mlioacha mpira ili kuja kumsikiliza mzee:

Nimetakiwa niseme juu ya swali ambalo vijana wa Kidato cha Sita huniuliza kila tukutanapo hapa: mtu akimaliza shule, aende jeshini au chuoni?

Sisi tuliomaliza mwaka 1977 hatukuulizwa habari ya JKT. Sheria ya mwaka 1966 ilikuwa imekwisha kulikata shauri hilo. Juu yake likaja Azimio la Musoma la Novemba 1974: baada ya JKT, sharti ufanye kazi angalau miaka miwili, usifiwe na wakuu wako wa kazi na Chama, ndipo uombe Chuo Kikuu. Basi uchaguzi wetu ulitukuta tumekwisha kuvaa magwanda, tumo Mafinga tunakimbia mchakamchaka alfajiri, na baridi ya kule ninyi hamuijui. Chuo kilikuwa mbali; jeshi lilikuwa mlangoni.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa, na usiku ule kambini hapakulalika. Kila kijana alitaka kwenda. Baadaye wakatafutwa wenye elimu ya Kidato cha Sita wa kwenda kusomea uofisa, na mwenzangu wa kitanda cha juu akaandikisha jina siku ileile.

Mimi nilikwenda kwa sajini aliyekuwa akitufundisha kwata. Hakuniambia nenda, wala usiende. Aliniuliza tu: “Vita hii itakwisha. Ikiisha, uko tayari kwa gwaride, zamu za lindo na kuhamishwa kambi hadi kambi kwa miaka ishirini, bila kusikia risasi ya adui hata moja?”

Nikatambua kwamba moyo wangu ulitaka vita, haukutaka jeshi. Mwenzangu alipoulizwa vivyo hivyo alicheka, akasema hayo ndiyo maisha ayatakayo.

Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Mimi nikafanya ukarani miaka yangu miwili, kisha nikaingia Mlimani kusoma sheria. Yeye alitumikia mpaka akastaafu. Huniambia kwamba vita ilikuwa miezi michache tu ya utumishi wake. Iliyobaki ilikuwa stoo, magari, mafunzo, na kusuluhisha askari na wake zao. Hajuti, nami sijuti.

Kwenu mambo yamebadilika. JKT ya lazima ilisimamishwa mwaka 1994 ikarudishwa 2013, na vijana wa mujibu wa sheria hukaa miezi mitatu tu. Wazazi wengi huchanganya hapa: kwenda JKT si kuajiriwa na Jeshi la Wananchi. Ukimaliza miezi hiyo hujafunga mkataba na mtu, na nafasi yako ya chuo iko palepale.

Jeshi lenyewe lina masharti yake, na la umri ndilo kali. Mlimani nilisoma na watu wenye wajukuu. Jeshini hakuna kuruta mwenye mjukuu. Kwa hiyo anayelitaka jeshi kwa dhati asiahirishe kwa kumwonea haya mjomba anayetaka digrii kwanza. Lakini jeshi huhitaji pia madaktari na wahandisi, na Monduli siku hizi hutoa shahada. Hivyo mwenye akili ya sayansi anaweza kupitia chuoni na bado akavaa nyota begani.

Jambo moja linanikera: kijana anayekimbilia jeshini kwa kuwa tu matokeo hayakumpendeza. Askari wenzake humjua ndani ya wiki moja.

Tangazo la nafasi likitoka, lisomeni wenyewe hadi mwisho, hasa mahali pa mkataba na miaka yake, na mzazi naye alisome kabla fomu haijajazwa. Nitakuwa bwaloni baada ya chakula. Mwenye swali asione haya.