Msimbo Mmoja, Maghala Mawili: Nani Ana Neno la Mwisho?

Hotuba kwa wakazi kuhusu utunzaji wa programu za huduma za umma



Mfanyabiashara anayelipia leseni kwa simu huona skrini tu. Nyuma ya skrini hiyo kuna msimbo, yaani maagizo yanayoiongoza kompyuta. Maagizo hayo hurekebishwa mara kwa mara, na kila badiliko huwekwa katika ghala linaloonyesha nani alibadilisha nini, na lini.

Shida huanza maghala yanapokuwa mawili. Chukulia kwamba mwanakandarasi wa kwanza alitumia Subversion, mfumo ulioanzishwa mwaka 2000, na wa pili anatumia Git, uliobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Kila mmoja anaandika kwake, kisha mabadiliko yananakiliwa huku na kule.

Mifumo hii haiweki kumbukumbu kwa njia moja. Subversion ina ghala kuu moja na huhesabu matoleo kwa namba: 1, 2, 3. Git humpa kila fundi nakala yenye historia nzima. Kitambulisho cha kila badiliko, kwa kawaida chenye herufi na tarakimu 40, hukokotolewa kutokana na yaliyomo, mwandishi, tarehe na badiliko lililotangulia. Ukigusa neno moja tu, kitambulisho hicho hubadilika, pamoja na vyote vinavyokifuata.

Lipo daraja liitwalo git-svn. Lakini linapopeleka badiliko kwenye Subversion, huliandika upya na kuliongezea mstari wa kumbukumbu, kwa hiyo kitambulisho chake hubadilika. Fundi aliyekwisha kulichukua lile la awali hujikuta na mabadiliko mawili ya kazi moja. Matawi yaliyounganishwa kwenye Git nayo hunyooshwa yakawa mstari mmoja, na historia yake hupotea.

Hasara humfikia mwananchi. Kosa lililorekebishwa upande mmoja laweza kurudi kutoka upande wa pili, na aliyelipa leseni akadaiwa tena. Mkaguzi akiuliza nani alibadilisha hesabu, kila ghala litatoa jibu lake.

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Ghala moja ndilo liwe na neno la mwisho. La pili liwe nakala ya kusomwa tu, isiyoandikwa na mtu. Kilicho bora zaidi ni kuhama mara moja: siku ipangwe, uandishi usimamishwe, majina ya waandishi yaoanishwe, historia ihamishwe, faili za pande zote zilinganishwe, kisha ghala la zamani lifungwe. Mradi wa lugha ya Python ulitoka Subversion kwenda Mercurial mwaka 2011, na mwaka 2017 ukaingia Git. Kila mara ulihamishia kazi yake katika mfumo mmoja.

Basi katika vikao vya ushirikishaji wa umma, mradi wa programu unapojadiliwa, mkazi ana maswali matatu ya kuuliza. Ghala la msimbo ni lipi? Mwenyewe ni nani kwa mujibu wa mkataba? Mwanakandarasi akiondoka, je, historia yote itabaki? Majibu yaandikwe kabla zabuni haijatiwa sahihi, kwa maana programu hiyo imelipiwa na umma.